Mashimo ya Mfalme Sulemani na Uhuru wa Mtu

Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita mashimo si hadithi. Kule Mwadui shimo la almasi lilianza kuchimbwa mwaka 1940, Bwana John Williamson alipoligundua, na kule Geita milima imepasuliwa kwa ajili ya dhahabu. Kwa hiyo kitabu kiitwacho "Mashimo ya Mfalme Sulemani" kilipofika mashuleni, wasomaji wa huku hawakuhitaji kuelezwa shimo ni nini, wala tamaa ya mali ni nini. Walikwisha kuyajua yote mawili.

Leo nataka kueleza habari za kitabu hicho, na za picha za sinema zilizotengenezwa kutokana nacho. Maana ndani ya ile hadithi ya hazina imo hadithi nyingine, nayo ni ya watu waliomwasi mfalme dhalimu wakapata uhuru wao. Wengi wameishika ile ya kwanza, hii ya pili wakaiacha njiani. Nami naona kwamba hii ya pili yatuhusu zaidi, hasa sisi wa Usukuma, kwa sababu nitakayoitaja mbele.

Mwandishi na jina la kitabu

Aliyekiandika ni Mwingereza, jina lake Henry Rider Haggard, aliyezaliwa mwaka 1856. Akiwa kijana wa miaka 19 alitumwa Natal, katika Afrika ya Kusini, akafanya kazi ya serikali huko. Aliporudi kwao alitunga kitabu chake, kikatolewa London mwaka 1885, kikauzwa upesi mno.

Jina la kitabu lavuta sana moyo wa Mkristo, lakini yafaa tulipime. Katika Biblia hatusomi kwamba Sulemani alikuwa na mashimo ya almasi. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chaeleza kwamba merikebu zake, pamoja na mabaharia wa Hiramu, zilikwenda Ofiri zikaleta talanta 420 za dhahabu. Ofiri ni wapi? Haikuandikwa. Basi Wazungu wengi wa karne ya kumi na tisa walidhani kwamba ni Afrika ya Kusini. Mwaka 1871 Mjerumani mmoja, Karl Mauch, aliyaona majengo makubwa ya mawe ya Zimbabwe, akawaza kwamba ni kazi ya watu wa Malkia wa Sheba, kwani hakuweza kusadiki kwamba Waafrika walijenga kuta zile. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba baadaye, akiwamo Bibi Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walithibitisha kwamba wajenzi ni Waafrika wenyewe. Hivyo jina la kitabu limejengwa juu ya dhana ya kuwanyima watu kazi ya mikono yao. Na tulikumbuke hilo tunapoendelea.

Hadithi kwa ufupi

Allan Quatermain, mwindaji wa tembo, aombwa na Bwana Henry Curtis amsaidie kumtafuta ndugu yake aliyepotea akitafuta mashimo ya Sulemani. Wafuatana na Kapteni Good. Katika kutafuta watumishi wa safari, yuaja mtu mmoja mrefu, mwenye heshima, jina lake Umbopa. Hataki mshahara. Asema kwamba ataka kwenda tu, kwa kuwa nchi ile ya kaskazini ndiko alikotoka. Tena asema na mabwana kama mtu asemavyo na wenzake, hata Quatermain achukizwa, kwani hakuzoea mtumishi kunena hivyo.

Wavuka jangwa, wapanda milima yenye theluji, wafika nchi ya Wakukuana. Huko yatawala Twala, mfalme mwenye jicho moja. Twala alimwua ndugu yake aliyekuwa mfalme wa haki, na mke wa yule ndugu akakimbia na mtoto wake mdogo. Mshauri wa Twala ni kikongwe aitwaye Gagool, ambaye kazi yake ni kunusa wachawi. Usiku mmoja kila mwaka majeshi hupangwa kimya, Gagool na wanawake wake hupita katikati, na yeyote atakayeguswa na fimbo yao huuawa pale pale. Haulizwi neno, haletwi shahidi. Katika usiku ule mmoja waelezwao kitabuni, watu kama mia wafa namna hiyo.

Ndipo yajulikanapo kwamba Umbopa, yule mchukuzi wa mizigo, ndiye yule mtoto aliyekimbizwa. Jina lake ni Ignosi, naye ndiye mfalme wa haki. Wakuu waliochoka na damu waja upande wake, mwezi wapatwa, watu waogopa, vita kubwa yapigwa, na Twala auawa. Baada ya hayo ndipo waingiapo mashimoni, na hazina ile ya almasi, ambayo msomaji ameingoja tangu mwanzo, wanaiacha karibu yote, wakatoka na kiasi kilichoingia mifukoni tu.

Mchukuzi aliyekuwa mfalme

Jambo la mtumishi kuwa mfalme latugusa sisi kuliko watu wa nchi nyingine. Babu zetu Wasukuma na Wanyamwezi ndio waliokuwa wachukuzi wakubwa wa misafara, kutoka Tabora hata pwani na kurudi, wakibeba pembe, nguo, shanga na chumvi. Mwezi wa Agosti mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipita nchi yetu kutoka Kazeh, yaani Tabora, akafika Mwanza akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Watu wa Mwanza na Ukerewe walikuwa wakivua samaki katika ziwa hilo kabla yeye hajazaliwa. Aliyemwongoza na kumsemea ni Sidi Mubarak Bombay, mtu wa Uyao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akapata uhuru wake baadaye. Bombay alisafiri na Speke, na Stanley, na Cameron. Mwaka 1876 chama cha wajuzi wa jiografia cha London kilimpa pensheni. Alikufa mwaka 1885, mwaka ule ule kitabu cha Haggard kilipotoka.

Mtu mmoja wa kweli aliyekuwa mtumwa, akawaongoza wasafiri wote hao, akafa. Na mtu mmoja wa kubuniwa, mchukuzi aliyekuwa mfalme, akazaliwa kitabuni. Huyu wa kubuniwa amejulikana ulimwenguni kote. Yule wa kweli, waulizeni watoto wa darasa la saba, ni wangapi watakaomtaja?

Kitabu katika Kiswahili

Mwaka 1929 kitabu kilitolewa kwa Kiswahili. Mfasiri alikuwa Bwana Frederick Johnson wa Idara ya Elimu ya Tanganyika, ambaye baadaye akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ili kukisanifu Kiswahili. Yeye ndiye aliyefasiri pia "Kisiwa chenye Hazina". Wakati ule vitabu vya kusoma vilikuwa vichache mno, na mwalimu aliyepata kimoja alikisoma na wanafunzi mpaka majani yakalegea.

Hapa pana ajabu ndogo. Vita ya Maji Maji ilianza mwaka 1905 ikaisha mwaka 1907, na watu wengi sana walikufa, zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi. Haikupita hata miaka ishirini na mitano, na serikali nyingine ya kigeni ikawapa watoto wa nchi ile ile hadithi ya watu weusi waliomwangusha mtawala wao kwa mkuki. Nadhani wakubwa hawakuona hatari, kwa kuwa mtawala aliyeangushwa katika hadithi ni mweusi, na waliomsaidia mfalme wa haki ni Wazungu watatu. Lakini msomaji hasomi kwa macho ya mwenye kuchapa kitabu. Mtoto akisoma kwamba dhuluma ina mwisho, ataipima kila dhuluma kwa kipimo hicho, hata iwe ya rangi gani.

Tena mwisho wa kitabu una neno ambalo wengi hulipita. Wale Wazungu wanapoaga, Ignosi asema kwamba hao watatu ni rafiki zake daima, lakini mgeni mwingine hataingia. Hataki wachuuzi wa bunduki na pombe kali, wala hataki wahubiri, kwa kuwa aona wao ndio watakaowafungulia njia wengine. Neno hilo ni chungu kwa sisi tuliosoma katika shule za misioni. Hata hivyo lafaa kusikilizwa. Injili tuliipokea kwa furaha, lakini bendera, na kodi, na bunduki zilikuja kwa njia ile ile, na si kosa la mtu kuuliza kwa nini vilifuatana.

Picha ya mwaka 1937

Sasa tuje kwenye sinema. Picha iliyojulikana sana ilitengenezwa Uingereza mwaka 1937, msimamizi wake Robert Stevenson. Aliyecheza kama Umbopa ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi, mwimbaji wa sauti nzito iliyosikika dunia nzima. Habari za mtu huyu zataka kusimuliwa, kwa maana yeye hakuigiza uhuru kama mtu asiyeujua.

Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Akiwa na miaka 15 alitoroka, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Mwana alizaliwa mwaka 1898. Alipokuwa London alijifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, kwa kuwa alitaka kujua alikotoka. Mwaka 1935 alicheza katika picha iitwayo "Sanders of the River", akitumaini kwamba itaonyesha heshima ya Waafrika. Ilipokwisha kukatwa na kuunganishwa ilikuwa sifa tupu kwa utawala wa kikoloni, naye akaikataa mbele za watu. Katika picha hiyo alikuwamo kijana mwingine aliyepewa sehemu ndogo tu, jina lake Jomo Kenyatta. Mwaka 1964 huyo alikuwa Rais wa Kenya.

Basi miaka miwili baada ya masikitiko hayo Robeson akawa Umbopa. Katika picha hii mwimbaji mweusi anasimama kama mfalme, mwili wote, sauti yote, na hakuna mtazamaji awezaye kumdhania kuwa mtumishi. Lakini sehemu kubwa ya michezo ilifanywa Uingereza, picha za nje tu ndizo zilizopigwa Afrika, na wenye kampuni waliongeza binti wa Kizungu ambaye hayumo kitabuni, ili pawe na mapenzi. Kila kilichoongezwa kilichukua nafasi, na mwenye kupunguziwa nafasi ni yule mfalme na watu wake.

Robeson mwenyewe aliendelea kunena juu ya haki za watu weusi na wafanyakazi. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasi yake, asitoke nchini, naye hakurudishiwa mpaka mwaka 1958. Aliyecheza mfalme aliyerudi kwao kutoka uhamishoni alifungiwa kwao asitoke, miaka minane. Alikufa mwaka 1976.

Picha ya mwaka 1950

Mwaka huo huo wa 1950 Wamarekani walitoa picha mpya ya kitabu hiki. Safari hii hawakukaa Ulaya. Walikuja kuipiga hapa hapa kwetu, katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo. Wasimamizi walikuwa Compton Bennett na Andrew Marton. Picha ilipata tuzo mbili za Oscar, moja kwa ajili ya upigaji wa picha, moja kwa ajili ya ukataji na uunganishaji wake. Wanyama, mito na milima iliyopigwa ilikuwa mingi hata mabaki yakatumika katika picha nyingine kwa miaka mingi.

Hapa napenda msomaji atazame jambo moja. Katika kitabu, anayemwua Twala ni Bwana Henry, Mzungu, katika mapigano ya watu wawili mbele ya majeshi. Mfalme wa haki asimama akitazama. Katika picha ya mwaka 1950 mambo yamegeuzwa. Umbopa, aliyechezwa na Mtutsi aitwaye Siriaque, aingia mwenyewe uwanjani apigane na Twala, na ashinda kwa mkono wake. Wazungu ndio watazamaji.

Sijui kama watengenezaji walifikiri sana juu ya badiliko hilo. Huenda walitaka tu mchezo mzuri wa kufunga picha. Lakini wakati ulikuwa umegeuka. India ilikwisha kupata uhuru mwaka 1947, na katika Afrika watu walikuwa wakikusanyika. Hadithi iliyotungwa mwaka 1885, mwaka ulipomalizika ule mkutano wa Berlin wa kuigawanya Afrika, haikuweza kusimuliwa vile vile mwaka 1950.

Yapasa kusema kwamba si kila mtu wa nchi hii aliyeruhusiwa kuona kila picha. Katika siku za ukoloni palikuwa na bodi za kukagua sinema, nazo ziliamua picha ipi Mwafrika aione na ipi asiione. Kwa Waafrika walitengeneza picha za namna nyingine. Tangu mwaka 1935 hata 1937, Baraza la Kimataifa la Misioni liliendesha jaribio la sinema ya elimu, makao yake yakiwa Vugiri katika Usambara. Walitengeneza picha juu ya safura, kodi, benki ya akiba na mmomonyoko wa ardhi, wakazizungusha nchini kwa lori. Zilikuwa na faida, sikatai. Lakini mtu alifundishwa kulipa kodi na kunywa dawa, wala hakuonyeshwa Ignosi.

Hata hivyo mlango ukisha kufunguliwa kidogo haufungiki tena. Mwaka 1952 ilitoka picha ya Kiswahili iitwayo "Muhogo Mchungu", na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 mchezaji huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Nani alimwangusha Twala?

Swali hili, kama mkombozi ni mgeni au ni mwenye nchi, historia yetu yalijibu vizuri kuliko kitabu na kuliko picha.

Jirani zetu wa Unyanyembe walikuwa na mtemi jina lake Isike. Alipigana na Wadachi, yaani Wajerumani, kwa muda mrefu. Mwezi wa Januari mwaka 1893, askari wa Luteni von Prince walipoivunja ngome yake, Isike hakutaka kushikwa, akaiwasha ghala ya baruti iliyokuwa ndani. Hapakuwa na mgeni wa kumsaidia, wala mwezi haukupatwa ili kuwatisha adui. Alishindwa, lakini jina lake halikushindwa.

Miaka sitini na mitano baadaye ikaja zamu ya Geita. Chama cha TANU kilikuwa kimekatazwa katika Usukuma tangu mwaka 1954. Mwaka 1958 serikali ilitaka kuweka katika wilaya ya Geita baraza la Waafrika, Waasia na Wazungu pamoja, ingawa wenyeji walikuwa ndio karibu watu wote wa wilaya. Watu walikataa. Waliona kwamba ardhi yao na mashauri yao yanatiwa mikononi mwa wachache. Walikusanyika, wakaja mpaka Mwanza kwa umati, wakapigwa mabomu ya machozi na polisi, na bado hawakukubali. Mwishowe serikali ndiyo iliyorudi nyuma, na kabla ya mwaka kwisha TANU iliruhusiwa tena katika Usukuma. Ilikuwa imetimia miaka mia kamili tangu Speke kufika Mwanza na wachukuzi wake. Wajukuu wa wachukuzi walikuwa wametua mzigo.

Watu hao wa Geita hawakumwua mtu. Hawakuwa na mfalme aliyefichwa wala alama ya nyoka mwilini, kama aliyokuwa nayo Ignosi. Walikuwa wakulima wa pamba na wavuvi, watu wa kusanyiko na wa vyama vya ushirika. Huo ndio uasi ambao kitabu hakikuweza kuuwaza, yaani uasi wa watu wa kawaida, wenye kusema hapana wote pamoja.

Uhuru hauishi kwa kumwangusha dhalimu

Sasa nafika kwenye lile neno nililoliahidi. Kabla ya vita, Bwana Henry alimwekea Ignosi sharti. Alimtaka aahidi kwamba akiwa mfalme atakomesha kunusa wachawi, na kwamba mtu hatauawa pasipo hukumu. Ignosi aliwaza kidogo, kisha akaahidi. Kwa macho yangu, hapo ndipo penye kiini cha kitabu. Twala akifa na kunusa wachawi kukibaki, watu watakuwa wamebadili jina la mfalme tu.

Ndugu zangu wa Shinyanga na Geita, je, Gagool amekufa kwetu? Kila mmoja wetu ajua habari za vikongwe waliokatwa kwa mapanga usiku katika vijiji vya Usukuma, kwa sababu mtoto wa jirani alikufa, au ng'ombe hawakuzaa, na mpiga ramli akataja jina. Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu. Lakini macho yale yana sababu ambayo hata mtoto aweza kuieleza. Nchi ya Shinyanga ilikatwa miti kwa muda mrefu, kwanza ili kumfukuza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba. Kuni zikawa haba, na mama zetu wakapikia samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba miaka arobaini, hamsini, katika nyumba isiyo na dirisha. Moshi ule uliotuivishia ugali ndio uliowatia wekundu machoni. Mtoto aliyelishwa kwa moshi ule akawa mtu mzima, akayatazama macho ya mama yake, akasema ni mchawi.

Tena tangu karibu mwaka 2007 tumesikia habari za ndugu zetu wenye ualbino kuwindwa na kuuawa, kwa kuwa waganga waliwadanganya wavuvi na wachimbaji kwamba viungo vyao vyaleta bahati katika nyavu na katika maduara ya dhahabu. Hapa tamaa ya mashimo na ramli ya Gagool vimekutana mahali pamoja. Haggard aliviweka vyote viwili katika kitabu kimoja bila kujua kwamba siku moja vitakutana hivyo katika nchi yetu.

Tena liko jambo la kuangalia. Katika kitabu kikongwe ndiye mnusaji. Katika vijiji vyetu kikongwe ndiye anayenuswa. Mtu akiona katika picha bibi mzee, mkunjufu wa ngozi, mwenye sauti ya kutisha, apendaye damu, kisha akitoka nje akamwona jirani yake mzee akiota moto, picha ile itamfuata. Haitoshi kusema kwamba ni mchezo. Uovu wa Gagool haukuwa katika uzee wake. Ulikuwa katika ile fimbo, yaani uwezo wa kumtaja mtu naye akauawa pasipo kujibu. Leo fimbo hiyo imo mkononi mwa mpiga ramli, na anayeifuata kwa panga ni kijana mwenye nguvu aliyelipwa fedha.

Picha katika vijiji vyetu leo

Mtu asiseme kwamba sinema ni mambo ya mjini. Nenda Nyarugusu, au Mgusu, au Maganzo karibu na Mwadui, jioni wachimbaji watokapo mashimoni, utaona mabanda ya video yamejaa vijana. Picha ni za kigeni, lakini mfasiri huzisimulia kwa Kiswahili, akiongeza maneno yake mwenyewe, kama manju anayeongeza beti katika ngoma ili kuwachoma Wagika au Wagalu. Bwana Johnson alifasiri kitabu mwaka 1929. Vijana hawa wafasiri kila usiku. Wala nchi yetu haikosi wachezaji. Steven Kanumba, aliyejulikana Afrika nzima kwa picha zake na kuzikwa na maelfu ya watu mwaka 2012, alikuwa mtoto wa Shinyanga.

Kwa hiyo siwaombi wazazi wawafukuze vijana mabandani. Kijana aliyeshinda chini ya ardhi, kwenye vumbi na giza, si ajabu akitaka kuona ushujaa jioni. Naomba mambo matatu tu. La kwanza, tuwape kitabu chenyewe wakisome mpaka mwisho, wafike mahali pa ahadi ya Ignosi, wasiishie kwenye almasi. La pili, wazee waliobaki waandikiwe maneno yao kuhusu mwaka 1958 na siku za kabla yake, kwani mtu aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amezeeka sana, na kaburi halisimulii. James Mbotela, mwana wa ukoo wa watumwa waliokombolewa wa Freretown, aliandika "Uhuru wa Watumwa" kikatolewa mwaka 1934. Kama asingeandika yeye, tungeambiwa habari hizo na wengine tu. Akipatikana kijana wa kwetu mwenye kamera, habari za Isike na za Geita zamtosha kwa kazi ya maisha.

La tatu ndilo kubwa. Mpiga ramli akija kijijini, akaketi, akataka kutaja jina, Mkristo asiwe katika wale wanaomzunguka kusikiliza. Aondoke, akamwite mtendaji wa kijiji, kisha aende akaketi mlangoni kwa yule bibi aliyetajwa, watu wamwone ameketi pale. Wazee wa Geita walisimama mbele ya mabomu ya machozi kwa ajili ya uhuru wao. Sisi twatakiwa kuketi mlangoni usiku mmoja.